Tathmini ya ordbokene.no kwa Mswahili anayepambana na maneno marefu ya Kinorwe

Ndugu na jamaa wanaoanza kazi kwenye nyumba za wazee huku Norwe huniuliza swali hilohilo: kamusi gani inafaa? Jibu langu ni ordbokene.no. Nitaeleza kwa nini, halafu nitasema ilipopungukiwa, maana imepungukiwa mahali ambapo sisi wasemaji wa Kiswahili tunahitaji msaada kuliko watu wengi.

Kwanza mambo ya msingi. Ni bure. Haina matangazo, haikuulizi jina wala barua pepe, na kwenye simu inafunguka vizuri tu. Ndani mna kamusi mbili, Bokmålsordboka na Nynorskordboka, kwa sababu Kinorwe kina maandishi rasmi ya aina mbili, Bokmål na Nynorsk, na kila moja ina tahajia yake. Wenyewe ni Språkrådet, baraza la lugha la taifa, pamoja na Chuo Kikuu cha Bergen. Zilichapishwa mara ya kwanza kama vitabu mwaka 1986, na tahajia iliyomo ndiyo rasmi: mkibishana kazini neno linaandikwaje, fungueni hapo na ubishi umekwisha. Maelezo yote ni kwa Kinorwe, kwa hiyo aliyeshuka uwanja wa ndege wiki iliyopita hataambulia kitu. Subiri mpaka uweze kusoma tangazo la basi na kulielewa, kisha uhamie huku.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Drammen, na kazi yangu ni helsefagarbeider, yaani mhudumu wa afya. Sipimi kamusi nzima hapa. Napima jambo moja: inamsaidiaje mtu wetu kwenye maneno ambatani, yale marefu yanayounganishwa kwa maneno mawili, matatu, hata manne bila nafasi katikati. Kazi yetu imejaa hayo. Kidonda cha kulalia ni trykksår, mashine ya presha ni blodtrykksmåler, kizuizi cha pembeni ya kitanda ni sengehest, ambayo ukiifungua ni kitanda na farasi. Ukiyakwepa huwezi kusoma ripoti ya mgonjwa, achilia mbali kuiandika.

Chukua ubao wa zamu ukutani kwetu. Zamu ya mchana imeandikwa dagvakt, ya jioni kveldsvakt, ya usiku nattevakt. Vakt ni zamu; dag, kveld na natt ni mchana, jioni na usiku. Sasa tazama kiungo. Dag imegusana na vakt moja kwa moja. Kveld imewekewa s. Natt imewekewa e. Ubao mmoja, kazi moja, na kila neno limeungwa kivyake. Ukimuuliza Mnorwe kwa nini, atakwambia ndivyo inavyosikika vizuri, na si haki kumlaumu. Nani kati yetu anaweza kumweleza mgeni papo kwa papo kwa nini ukuta ni kuta lakini uso ni nyuso?

Hapa ndipo kamusi hii inapoanza kulipa. Kwenye kisanduku cha kutafutia unaweza kutumia kinyota mahali pa herufi usizozijua. Andika dag* na orodha inateremka: dagbok, kitabu cha kumbukumbu za kila siku, dagdrøm, ndoto ya mchana, dagslys, mwanga wa mchana, dagsorden, ajenda ya kikao, dagsverk, kazi ya siku nzima. Unaona kwa macho yako kwamba dag ileile mara inachukua s, mara haichukui. Hakuna kanuni moja itakayokuokoa. Lakini ukikaa na orodha kama hiyo dakika chache, sikio linaanza kuzoea, na hilo ni bora kuliko kurasa nyingi za sarufi nilizowahi kusomeshwa.

Zipo kanuni mbili hata hivyo ambazo zinashika karibu kila mara, na nasikitika kwamba kamusi haizitaji popote unapotafuta neno, kwa hiyo nazitaja mimi. Ya kwanza: neno la mbele likiishia na viambishi kama -het, -skap, -dom, -ing, -sjon au -tet, tegemea s. Åpningstid ni saa za kufunguliwa, kutoka åpning na tid. Ungdomsskole ni shule ya vijana, kutoka ungdom. Jino la mwisho linalotuumiza ukubwani ni visdomstann, jino la hekima, na hiyo s imekaa pale kwa sababu ya -dom. Jino la mtoto ni melketann, bila s. Stasjon (stesheni), kvalitet (ubora), vitenskap (sayansi), zote zikisimama mbele zinadai s.

Ya pili naipenda zaidi kwa sababu inaonyesha Wanorwe wanavyofikiri. Kipimo chochote cha mgandamizo ni trykkmåler, hakuna s. Kipimo cha presha ya damu ni blodtrykksmåler, s imeingia. Imetoka wapi? Imeingia kwa sababu sehemu ya mbele sasa yenyewe ni neno ambatani, blodtrykk. Hiyo s inamwambia msomaji mahali pa kukata: blodtrykk upande huu, måler upande ule, usije ukasoma blod kisha trykkmåler. Bilauri ya mvinyo ni vinglass. Bilauri ya mvinyo mwekundu ni rødvinsglass. Ni s ileile inayofanya kazi ileile. Haiingii kila mahali, kwa mfano barnehageplass, nafasi ya mtoto kwenye chekechea, haina. Lakini ukiikuta katikati ya neno refu, jua mara nyingi umefika kwenye kiungo kikubwa.

Na kiungo kikubwa ndicho cha kutafuta kwanza, maana Kinorwe kinapanga maneno kinyume na tulivyozoea. Sisi tunatanguliza jambo lenyewe: kiti cha magurudumu, nyumba ya wazee, mwanasheria, mwanafunzi. Ukisikia kiti, umeshajua tunazungumzia kiti, yanayofuata ni maelezo. Wao jambo lenyewe wanaliweka mwisho. Rullestol ni stol, kiti. Rulle ya mbele inasema tu ni kiti cha namna gani. Kwa hiyo neno refu la Kinorwe linasomwa kuanzia mkiani. Mkia ndio unaosema hiki ni kitu gani, ndio unaoamua jinsia yake, ndio unaoamua wingi wake. Stol ni ya kiume, en stol, basi ni en rullestol, na wingi ni rullestoler. Hus, nyumba, haina jinsia ya kiume wala ya kike na wingi wake hauongezi kitu, basi sykehus (hospitali) moja na sykehus kumi zinaandikwa sawasawa. Bok inageuka bøker, basi kokebok, kitabu cha mapishi, inageuka kokebøker.

Ordbokene.no inalifanya hili liwe rahisi kwelikweli. Kila neno lina jedwali la umbo lake. Unabonyeza, linafunguka, umoja na wingi, umbo lisilo mahususi na umbo mahususi. Ukikutana na neno la kazini ambalo halimo, na hayo ni mengi kwa sababu Wanorwe huunda mapya kila siku bila kuomba ruhusa, tafuta mkia wake. Jedwali la mkia ndilo jedwali la neno zima. Kutokuwemo kwenye kamusi hakumaanishi neno ni kosa. Nimeona watu wetu wakiliacha neno sahihi kabisa kwa sababu tu hawakulikuta, wakaandika sentensi nzima ya kuzunguka.

Kinyota kinafanya kazi upande wa mbele pia. Andika *stol upate viti vya kila aina: lenestol chenye mikono, gyngestol cha kubembea, barnestol cha mtoto. Utakuta na prekestol, mimbari ya kanisani, kutoka kitenzi cha kuhubiri. Na hapo utajua kumbe Preikestolen, ule mwamba bapa wa Rogaland unaoning'inia mita 604 juu ya Lysefjorden na ambao picha yake iko kwenye kila kalenda ya watalii, maana yake ni mimbari tu, kwa tahajia ya Kinynorsk. Mara nyingine chini ya neno utaona sehemu inayoitwa Opphav, asili, inayotaja neno limetoka wapi. Na maneno mengi mafupi yana orodha ya maneno ambatani yanayoishia nayo. Mimi nazisoma orodha hizo kwenye treni asubuhi. Zimenifunza msamiati wa kazi kuliko kitu kingine chochote.

Sasa manung'uniko, na la kwanza ni kwamba kamusi haikuonyeshi kiungo kilipo. Neno limeandikwa kwa mfululizo tu. Kwa Mnorwe haina shida, anaona mwenyewe. Kwetu ni shida kubwa, kwa sababu ya jinsi tunavyokata silabi. Kiswahili silabi zake karibu zote zinaishia na irabu: ki-ti, me-za, ma-gu-ru-du-mu. Jicho letu likikutana na konsonanti, linaisukuma kwenda kwenye irabu inayofuata. Kinorwe nacho, kwenye neno moja la kawaida, kinafanya karibu hivyo: ukifika mwisho wa mstari unapeleka konsonanti moja chini, bå-ter. Lakini kwenye neno ambatani kanuni hiyo inawekwa kando. Hapo unakata penye kiungo, hata kama konsonanti nne zimerundikana. Barne-hage. Arbeids-plass, na ile s inabaki na wa mbele, haivuki.

Neno lililonifungua macho ni medisinskap. Liko kwenye mlango wa chumba cha dawa. Anayejua kwamba medisinsk ni sifa, "ya kitabibu", atakata medisinsk-ap na kubaki na ap isiyo na maana. Anayejua viambishi atadhani mwishoni ni -skap ile ya vitenskap, kitu kama "udawa". Kumbe ni medisin na skap, kabati. Kabati la dawa, basi. Herufi zilezile, njia tatu za kulisoma, moja tu ndiyo yenyewe. Kistari kimoja chembamba katikati ya neno kingemaliza kazi, na ninaomba waliotengeneza tovuti hii wakifikirie.

Jambo dogo linaloendana na hilo: Kinorwe hakivumilii konsonanti tatu zinazofanana mfululizo. Natt na tog vikiungana havitoi t tatu. Ni nattog, treni ya usiku, kama ile ya Oslo kwenda Bergen. Buss na stopp ni busstopp, kituo cha basi. Glass na skår ni glasskår, vipande vya kioo, neno ambalo mhudumu anatakiwa kulijua kabla hajakanyaga. Herufi moja imemezwa, na ukikata neno mwisho wa mstari inarudi: natt-tog, buss-stopp. Kwa hiyo ukitafuta sehemu moja moja usishangae kwamba "og" au "kår" haikupi ulichotarajia. Rudisha ile herufi iliyomezwa.

Nung'uniko la pili ndilo kubwa, na ndilo lililonifanya niandike. Kamusi hii haina sauti. Hakuna kitufe cha kusikiliza, na kwa maneno ya kawaida ya Kinorwe hata maelezo ya matamshi hakuna. Inatoa matamshi kwa baadhi ya maneno ya kigeni ambayo Wanorwe wenyewe wangeweza kuyakosea. Imetengenezwa kwa ajili ya wenye lugha, ambao swali lao ni tahajia. Lakini neno ambatani la Kinorwe nusu yake iko kwenye sauti.

Mkazo mkuu unakaa kwenye sehemu ya mbele. SYkehus. BLODtrykksmåler. RULlestol. Sehemu zinazofuata hazifi. Zinabaki na mkazo mdogo, na irabu iliyokuwa ndefu inabaki ndefu. Kwenye trykksår, trykk ina y fupi na k nzito, kisha sår inavutwa å yake kama kawaida, ila kwa nguvu kidogo kuliko ile ya mbele. Huo mteremko, mzito mbele na mwepesi nyuma, ndio unaomwambia msikilizaji kwamba hili ni neno moja.

Sisi mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, karibu daima, na hatuufikirii, unajitokea wenyewe. Mswahili akisoma blodtrykksmåler bila kufundishwa, sauti yake itapanda kwenye må. Mnorwe atasikia måler, kipimo, na kilichotangulia kitapita kama mavumbi. Atauliza kipimo gani? Akisoma sykehus atapandisha ke, silabi ambayo kwa Mnorwe ndiyo dhaifu kuliko zote, gundi tu ya katikati. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na msamiati mpana, sarufi safi, na bado akaambiwa "hæ?" kila baada ya sentensi mbili, akaanza kudhani ana lafudhi isiyotibika. Tatizo mara nyingi si lafudhi. Ni mkazo uliokaa pasipo pake. Dada mmoja kutoka Uvira ninayefanya naye kazi alisoma kwa Kifaransa, na yeye alikuwa anauvuta mkazo hadi silabi ya mwisho kabisa, sykeHUS. Tulipoanza kugonga meza kwa kidole kwenye sehemu ya mbele ya kila neno, wazee wodini wakaanza kumwelewa mara moja. Hakubadilisha kingine chochote.

Na si suala la kueleweka tu. Mkazo unabadili maana. Norsklærer kwa mkazo mmoja mbele ni mwalimu wa Kinorwe, anaweza kuwa mzaliwa wa Kigoma. Norsk lærer kwa mikazo miwili sawa ni mwalimu ambaye ni Mnorwe, anaweza kuwa anafundisha hesabu. Sykepleier ni muuguzi. Syk pleier ni mhudumu aliyeugua. Ukipiga simu kwa msimamizi saa kumi na moja alfajiri kusema zamu imepungukiwa, tofauti hiyo ina uzito.

Hapohapo ndipo maandishi na sauti vinapokutana. Kuacha nafasi katikati ya neno ambatani Wanorwe wanaliita særskriving na linawakera kuliko kosa lolote la sarufi. Mfano wanaoutoa kila mara ni lammelår, paja la mwanakondoo, likiandikwa lamme lår kwenye bei ya dukani linakuwa mapaja yaliyopooza. Ananasbiter ni vipande vya nanasi. Ananas biter ni nanasi linang'ata. Røykfritt ni mahali pasipovutwa sigara, na ukiachanisha, røyk fritt, umeruhusu watu wavute watakavyo. Wanorwe wenyewe wanakosea hivyo, na simu zinawasaidia kukosea, kwa sababu kibodi nyingi hupendekeza maneno mafupi moja moja. Kanuni ya sikio ni hii: ukilitamka kwa mkazo mmoja mbele, liandike pamoja. Na ukitia shaka, ordbokene.no ndiye mwamuzi. Kwa kazi hii ya uamuzi sijaona inayoishinda. Hata pale ambapo njia mbili zinakubalika inakuonyesha zote, kama sykmelding na sykemelding, cheti cha ruhusa ya ugonjwa, ambazo utaziona zote mbili kwenye barua zako na zote mbili ni sahihi.

Kwa upande wa sauti, basi, nimelazimika kuwa na kamusi ya pili, naob.no, ya Det Norske Akademi for Språk og Litteratur. Nayo ni bure mtandaoni, na ni kubwa zaidi, vichwa vya maneno zaidi ya 200,000, kwa hiyo maneno ambatani yaliyokosekana kule mengi utayakuta huku, na mifano kutoka vitabu vya waandishi wao. Kinachonipeleka ni mstari wa Uttale, matamshi, ulioko kwa maneno mengi. Unaonyesha silabi yenye mkazo, na unaonyesha toni.

Toni ni jambo ambalo walimu wengi hulipitia haraka, na nadhani wanakosea. Kinorwe cha sehemu kubwa ya nchi kina toni mbili. Bønder, wakulima, na bønner, maharage au sala, watu wa mashariki wanazitamka kwa herufi zilezile, d haisikiki. Kinachotofautisha ni wimbo: ya kwanza huku kwetu Drammen inaanzia chini na kupanda, ya pili inaanzia juu, inashuka, kisha inapanda. Neno ambatani, hata liwe refu kiasi gani, lina toni moja tu. Linaanzia kwenye mkazo ule wa mbele na kufunika neno zima hadi mwisho. Ukiweka toni mpya kwenye kila sehemu, umeshaligawa neno, na Mnorwe atasikia maneno mawili. NAOB inaonyesha toni kwa alama ndogo iliyoinama upande mmoja kwa toni ya kwanza, upande wa pili kwa toni ya pili. Inataka kuzoea, lakini dakika kumi zinatosha.

Aliyeko magharibi asiichukue kama msahafu. Bergen wimbo wenyewe umepangwa kinyume na wa mashariki, na ziko sehemu kaskazini ya Bergen na kule kaskazini mwa nchi ambako hawatofautishi toni kabisa. Tena NAOB ni ya Bokmål na Riksmål (aina isiyo rasmi iliyo karibu na Bokmål), anayefanya kazi kwenye wilaya ya Kinynorsk hatasaidika nayo katika tahajia. Mkazo wa mbele lakini ni wa nchi nzima, kwa hiyo anzeni na mkazo. Toni itakuja kwa kusikiliza. Redio ya NRK, shirika la utangazaji la taifa, inatosha, hasa taarifa ya habari, ambapo wasomaji wanatamka kila neno refu hadi mwisho.

Majina ya miji ndiyo yanayovunja kanuni, na kamusi zote mbili hazitakusaidia sana hapo. Kristiansand na Kristiansund mkazo wake uko mwisho, kwenye sand na sund, na d haitamkwi. Ukikata tiketi ya treni au basi kwa kukazia Kristian, utaeleweka nusu, na kwa kuwa mji mmoja uko kusini kabisa na mwingine ni magharibi ya kati, nusu hiyo haitoshi. Barabara zenye majina ya watu nazo huandikwa kwa kuachanishwa, Karl Johans gate, lakini barabara kuu ni Storgata, neno moja, mkazo mbele kama kawaida.

Nikiipa nyota, ordbokene.no ina nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya sauti na kile kistari cha kiungo. Kwa tahajia, jinsia, wingi na kutafuta kwa kinyota, mpatie mtu yeyote aliyefika kiwango cha kusoma habari fupi. Kwa anayejiandaa na usaili wa kazi, afanye hivi: achukue maneno yote marefu ya tangazo la kazi, ayakate kuanzia mkiani, atafute mkia kwenye ordbokene.no apate jinsia na wingi, kisha alichukue neno zima NAOB aone mkazo na toni. Halafu aseme kwa sauti, kidole kikigonga meza kwenye sehemu ya mbele. Maneno ishirini ya tangazo moja yanamalizika jioni moja, na mengi kati yake ndiyo hayohayo atakayoulizwa.